Trevor Noah na watoto wa Eden Park

Mambo vipi watu wangu wa Bongo! Leo siendi Sandton kuwaonyesha maghorofa. Nipo Eden Park, kusini-mashariki ya Johannesburg, mtaa ambao enzi za makaburu ulitengwa kwa ajili ya makaladi, yaani machotara wa huku.

Trevor Noah mnamjua, mchekeshaji aliyekabidhiwa kipindi kikubwa cha televisheni Marekani mwaka 2015. Hapa ndipo alipoonewa.

Alizaliwa 1984, mama Mxhosa, baba Mzungu wa Uswisi. Sheria ya kukataza mweusi na mweupe kulala pamoja, ya tangu 1927, ilifutwa 1985. Kwa hiyo mtoto mwenyewe ndiye ushahidi wa kosa! Kwa bibi yake Soweto alikuwa anafungiwa ndani, polisi wasije wakamwona.

Sasa mtadhani waliomtesa ni watoto wa Kizungu. Wapi! Ni makaladi, rangi moja naye kabisa. Ila yeye mama yake mweusi, na anaongea lugha za weusi. Makaburu walikuwa wamempandisha kaladi hatua moja tu juu ya mweusi, na hatua hiyo jamani, watu waliilinda kwa meno.

Siku moja watoto wa mtaani wakamshambulia kwa matunda ya forosadi, yale mnayoyajua watu wa Lushoto. Akarudi nyumbani analia, mwili mzima mwekundu. Mama akashtuka akidhani damu. Kuona ni maji ya matunda, akaangua kicheko! Trevor akamsubiri mpenzi wa mama yake, aliyekuja kuwa baba yake wa kambo, maana hasira zake alizijua. Yule bwana akampakia kwenye gari, wakamfuata kinara wa kundi, akamcharaza fimbo bila huruma. Trevor mwenyewe amesimulia kwamba alipoiona hofu ya yule mtoto, hamu ya kisasi ilimwisha. Kwangu mimi, utoto wake uliishia kwenye zile fimbo.

Sekondari akawa mjanja. Ana mbio, basi kengele ikilia yeye wa kwanza dukani, anawanunulia wenzake chakula, anakata chake. Weupe, weusi, Wahindi, wote wateja. Kundi la kwake mwenyewe hana, lakini anapiga soga na kila kundi.

Haya, mliosoma bweni: yule mliyekuwa mnamwonea, siku hizi anafanya kazi gani? Niandikieni kwenye maoni, jina lake liacheni.