Mkubwa Wako Nani? Ndani ya Polisi wa Jiji la New York

Asanteni kwa kufika. Leo nazungumzia polisi wa jiji moja tu, New York, na swali langu ni lile la kila askari mpya: mkubwa wangu ni nani?

Tuanzie juu. Kwetu, Meya wa Dar es Salaam hana hata konstebo mmoja wa kumwamrisha. Polisi ni wa taifa, IGP, yaani mkuu wa polisi nchini, anateuliwa na Rais, na jiji ni Kanda Maalum yenye mikoa ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke. New York polisi ni idara ya jiji, kama idara ya usafi. Meya anamteua Kamishna, mkuu wa idara hiyo, na anaweza kumwondoa. Na Kamishna ni raia, havai sare. Jessica Tisch, aliyeshika kiti hicho Novemba 2024, hakupitia uaskari wa doria. Afande mwenye nyota nne mabegani, mkubwa wa wote wenye sare, yuko chini yake.

Zamani waliongozwa na bodi. Theodore Roosevelt, huyu aliyekuja kuwa Rais, aliiongoza kuanzia 1895, na mivutano ya wajumbe ilimchosha kwelikweli. Mwaka 1901 wakaachana na bodi, wakaweka Kamishna mmoja.

Chini yake kuna askari wenye sare zaidi ya 30,000, kamandi kadhaa za doria, na vituo 78. Cha mwisho kilifunguliwa Queens, sehemu mojawapo ya jiji hilo, mwishoni mwa 2024. Ukisikia kituo namba 123 usishtuke, namba nyingi zimerukwa.

Sasa tuingie kituoni, maana utamu uko humo. Kaunta ni ndefu, nyuma yake ameketi sajenti au luteni wa zamu, na kila anayekamatwa huletwa mbele yake kwanza. Mkuu wa kituo mara nyingi ni kepteni au wa cheo cha juu kidogo. Doria ni yake. Lakini wapelelezi walio katika jengo hilohilo si wake! Wao wako chini ya kurugenzi ya upelelezi, yenye wakubwa wake mpaka makao makuu. Waliotoka Kenya mnaijua hali hii: OCS, mkuu wa kituo, na DCIO, mkuu wa upelelezi wa eneo, wanaweza kuwa kiwanja kimoja, kila mmoja ana mkubwa wake.

Matokeo yake? Maduka yanavunjwa usiku, mkuu wa kituo anaongeza doria, lakini faili la mwizi liko kwa mpelelezi, ambaye mkuu huyo hawezi kumwamuru. Kila mmoja ana wa kumsukumia lawama.

Mwaka 1994 Kamishna William Bratton na msaidizi wake Jack Maple walianzisha vikao vilivyoitwa CompStat. Ramani za uhalifu za kompyuta ukutani, mkuu wa kituo anasimama mbele ya wakubwa, na kiongozi wa wapelelezi wa eneo lake naye yupo. Mmoja akisema "hilo ni la upelelezi", wa upelelezi anaulizwa papo hapo. Kwa maoni yangu ule ulikuwa ubunifu mkubwa kuliko kompyuta zenyewe, maana hawakubadilisha muundo, waliwakutanisha tu waliokuwa wanakwepana.

Ila kuna jambo la vyeo. Usajenti, uluteni na ukepteni unapatikana kwa mtihani. Kupita hapo hakuna mtihani, Kamishna ndiye anayekupandisha. Kwa hiyo kepteni aliyesimama mbele ya ramani anajua kwamba takwimu zile ndizo mkate wake. Presha inamshukia luteni, kisha sajenti, kisha kijana wa doria, ambaye njia yake rahisi ya kuonekana kafanya kazi ni kusimamisha watu na kuwapekua.

Mwaka 2011 walisimamisha watu zaidi ya mara 685,000, wengi wao Weusi na Walatino, na wengi wakaachiwa bila kosa lolote. Agosti 2013 Jaji Shira Scheindlin aliamua kwamba namna kazi ile ilivyofanywa ilivunja Katiba, akaamuru awekwe msimamizi kutoka nje ya polisi. Kufikia 2015 idadi ilikuwa chini ya 25,000, na lile wimbi la uhalifu tulilotishiwa kwamba lingekuja upekuzi ukipungua halikutokea.

Msimamizi yule hana kituo wala askari, na Kamishna si mkubwa wake. Ripoti yake inakwenda kwa jaji.

Haya, maswali. Tuanze na dada pale nyuma.