Sumu Imeshatoka, Alama Imebaki: Saratani ya Tumbo kwa Panya wa Maabara

Ndugu zangu, wanafunzi na wageni, asanteni kwa kufika. Nianze na chupa ya maji. Imefunikwa isipitishe mwanga, imening'inizwa kwenye kizimba cha panya wadogo, na ndani yake mna kemikali ya kusababisha saratani, iitwayo MNU. Mwanga huiharibu, na hata gizani haidumu, hivyo mhudumu hana budi kuchanganya maji mapya kila baada ya siku chache. Kipimo kilichozoeleka ni sehemu 240 katika milioni. Panya hunywa wiki moja, hupumzishwa wiki ya pili, mpaka zitimie wiki 5 za kunywa. Kisha hurudishiwa maji ya kawaida.

MNU ikiingia mwilini huvunjika upesi sana, lakini uvimbe huonekana miezi mingi baadaye. Miezi yote hiyo, ndani ya tumbo kulikuwa na nini?

Kabla ya kuvunjika, MNU hubandika kipande kidogo, methili, kwenye DNA, yaani maandishi ya urithi ya seli. Kikikaa pabaya juu ya guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA, seli inapojigawa huipangia herufi timini badala ya sitosini, mwenzake halali. Ikijigawa tena, kosa limeshakuwa la kudumu, wala hakuna kinachoonyesha kwamba ni kosa. Seli inacho kimeng'enya cha kung'oa methili hiyo, ila kila molekuli yake hufanya kazi mara moja tu ikaisha, kama nyuki aliyekwisha kuchoma. Alama zikizidi nyuki, seli hujigawa nazo.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana wengi hupotea. Tumbo la panya si kama letu. Ukilipasua na kulitandaza, nusu ya mbele ni nyeupe, nyembamba, haina tezi. Ni ghala ya chakula. Nusu ya nyuma ni nyekundunyekundu, ina tezi za ute na asidi kama tumbo lako wewe. Benzopireni, iliyomo kwenye moshi na lami, huwaletea panya uvimbe kule mbele, sehemu ambayo binadamu hana kabisa. Kwa hiyo nikisoma utafiti wowote wa namna hii, kwanza natafuta uvimbe ulitokea upande gani. Mwaka 1967 Sugimura na Fujimura, huko Japani, walipata saratani upande wa tezi kwa kemikali nyingine, MNNG, lakini kwa panya wa aina kubwa. Hawa wadogo hawakushikwa nayo kirahisi. Ilibidi kungoja miaka ya 1990, watafiti wengine wa Japani walipowanywesha MNU.

Kwa panya hao mambo huanzia karibu na mlango wa kutokea wa tumbo. Tezi chache hupoteza mpangilio, huongezeka, hujikunja, huwa uvimbe usio na madhara makubwa. Baadhi ya uvimbe huo hatimaye huchimba ukuta. Kusambaa hadi ini au mapafu ni nadra, na huo ni upungufu wa kweli wa kielelezo hiki.

Lakini seli yenye alama huhitaji kichocheo cha kujigawa. Bakteria Helicobacter pylori hukileta kwa mwako wa muda mrefu katika ukuta wa tumbo (inflamesheni, si uvimbe wa saratani), unaoua seli na kuzilazimisha nyingine kuziba pengo. Watafiti walichukua panya wa jangwani wa Mongolia wenye bakteria hao, kisha wakawaua bakteria kwa dawa kwa nyakati tofauti. Waliotibiwa mapema walipata saratani kidogo. Kadiri tiba ilivyochelewa, ndivyo waliougua walivyoongezeka. Na wote walikuwa wamekunywa MNU.