Zipu Inapanda Lakini Inaachia Nyuma: Anza na Kichwa

Karibuni watazamaji. Hii suruali zipu yake ukiivuta inapanda, lakini nyuma ya kichwa, kile kipande mnachokivuta, meno yanaachana. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha zipu nzima. Subirini kwanza. Kama meno yote yapo na utepe wake wa kitambaa haujachanika, mara nyingi kilichochoka ni kichwa tu.

Tazameni jino la zipu ya chuma kwa karibu. Juu lina kinundu, chini lina kishimo, na kinundu cha jino moja huzama kwenye kishimo cha jenzake wa upande wa pili. Muundo huu ni wa Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Marekani. Hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ilitoka 1917. Kabla yake, mwaka 1893, Whitcomb Judson wa Chicago alisajili kifungio cha kulabu, ila kilikuwa kinafunguka chenyewe. Jina la zipu, kwa Kiingereza "zipper", lilikuja 1923, kampuni ya B.F. Goodrich ilipoyaita hivyo mabuti yake ya mpira, kwa kufuata mlio wa kichwa kinapovutwa.

Kinundu hakiingii bila kusukumwa, na msukumaji ni kichwa. Mbele kina midomo miwili, nyuma tundu moja. Tundu la nyuma likipanuka, meno hupita bila kubanwa. Basi tunalibana.

Rudisheni kichwa hadi chini kabisa. Sugueni meno kwa mswaki na maji ya sabuni, yaacheni yakauke. Mchanga peke yake unatosha kukwamisha zipu. Sasa chukueni plaizi ndogo. Baneni ukingo wa nyuma, bamba la juu likaribiane na la chini: kushoto kidogo, kulia kidogo, kisha jaribuni. Bado inaachia? Rudieni. Msimalize kwa kubana mara moja kwa nguvu, maana vichwa vingi ni vya zinki ya kumimina, vinapasuka badala ya kupinda. Na mkikaza kupita kiasi, kichwa hakitembei.

Kikipita sawa, pakeni mshumaa juu ya meno. Mafuta hapana, yanashika vumbi na kutia doa nguo.

Kichwa kikipasuka, geuzeni msome namba nyuma yake, mara nyingi 3, 5, 8 au 10, mkanunue chenye namba hiyohiyo na cha aina ileile ya meno. Cha nailoni hakifai kwenye chuma. Fumueni mshono wa chini, ingizeni ncha mbili za utepe kwenye midomo miwili kwa pamoja. Zikipishana hata jino moja, juu hazitalingana. Halafu shoneni kizuizi chini kwa uzi imara, mizunguko sita hivi juu ya meno.

Kwa koti ambalo zipu yake hufunguka hadi pande mbili zikaachana kabisa, kagueni kwanza kijiti cha chini, kile mnachokiingiza kabla ya kufunga. Utepe ukiwa umenyambuka hapo, plaizi haisaidii. Hiyo ni zipu mpya.