Vuta Usukani Uone: Mbizi za Ndege za Pangaboi

Walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana nayarudia yale yale. Ndege ya kivita ya pangaboi ikipiga mbizi, mwenye kuweka kikomo si injini wala si moyo wa rubani. Ni bawa na unene wake. Kuna bwana pale nyuma ameshatikisa kichwa. Subiri kidogo, nakuja kwako.

Tuichukue P-38 Lightning ya Lockheed. Rubani yuko mita 9,000, anainamisha pua. Punde usukani unaanza kutetemeka mikononi. Anauvuta, haujongei, utadhani umemiminiwa zege. Anavuta kwa mikono miwili, na pua ndiyo kwanza inazidi kuinama. Watu wakaushuku mkia, wakaufungia hadi vyuma vya mizani. Mkia wa watu hauna kosa! Hewa ikipita juu ya bawa nene hulazimika kukimbia kuliko ndege yenyewe. Kwa hiyo P-38 ikifika Mach 0.68, yaani asilimia 68 ya kasi ya sauti, hewa juu ya bawa imeshaifikia kasi ya sauti. Wimbi la mshtuko, yaani ukuta mwembamba wa hewa iliyobanwa ghafla, linasimama hapo, bawa linaishiwa nguvu ya kubeba, na hewa iliyokuwa ikiusukuma mkia chini inalegea. Mkia juu, pua chini. Sasa vuta!

"Si angeongezewa nguvu ya kuvuta?" Ndiyo swali lako, bwana? Aliongezewa. Ralph Virden, rubani wa majaribio wa Lockheed, aliwekewa mkiani vibawa vidogo vya kumsaidia kuvuta. Novemba 4, 1941 mkia ulikatika angani, ndege ikaanguka Glendale, California, naye akafa. Ukishuka, hewa inakuwa na joto, kasi ya sauti inapanda, namba ya Mach inapungua, na mkia uliokuwa umelala unaamka ghafla. Nguvu zote ulizolimbikiza zinaupiga kwa mkupuo.

Dawa ilitokana na majaribio ya NACA, shirika la Marekani la utafiti wa ndege, katika handaki la upepo: vibao viwili chini ya mabawa, vinavyofunguliwa kwa umeme. Na tafadhali, visiitwe breki. Kazi yake ni kubadili mgandamizo wa hewa ili bawa liendelee kubeba. Ndege zilianza kutoka kiwandani navyo mwaka 1944, vita imebakiza mwaka mmoja.

Haya, P-47, ndege nyingine ya kivita ya Marekani. Novemba 1942 marubani wawili walisema walisoma maili 725 kwa saa, na mpaka leo kuna wanaoapa kwamba kasi ya sauti ilipitwa siku ile. Siwaiti waongo. Mshale ulionyesha hivyo. Ila kipimo cha mwendo nacho kinapimia hewa, na hewa ikivurugika kinapayuka. Tena kwa mwendo huo pangaboi lenyewe linageuka kizuizi.

Mustang na Messerschmitt nilizitayarisha, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi Spitfire ya Waingereza, upesi: bawa jembamba, ndiyo maana Farnborough, kituo chao cha kujaribia ndege, waliisukuma kuvuka Mach 0.88. Aprili 1944, Martindale, rubani wa majaribio wa hapo, akiwa mbizini, pangaboi liling'oka pamoja na gia zake. Uzito ukahamia mkiani, ndege ikapanda yenyewe, naye akazimia. Alipozinduka alikuwa mita 12,000 hivi, pua tupu, akairudisha mpaka uwanjani ikiteleza tu hewani.