Namna ya Kumpiga Picha Msanii Ndani ya Chumba Chake cha Kazi

Ndugu mtazamaji, katika video hii tutapiga picha moja tu, ya msanii akiwa ndani ya chumba anamoishi na kufanyia kazi yake. Katika picha ya namna hii chumba kina uzito sawa na uso wa mtu, kwa hiyo tutaanza na chumba, na mwenyewe tutamwita baadaye.

Weka kamera chini, kisha uzunguke chumba chote bila kugusa kitu. Angalia mkono wake hufikia wapi mara kwa mara: brashi zilizokauka rangi, kiti kilichobonyea upande mmoja, michoro iliyobandikwa juu ya michoro mingine. Hivyo ndivyo vitakavyobaki. Vya kuondoa ni vichache, kama vile nyaya za chaja, mifuko ya plastiki na chupa zenye lebo kali, pamoja na barua au picha za familia ambazo mwenye chumba hapendi zionekane. Wapigapicha wengi huharibu kazi katika hatua hii, kwa sababu hupanga na kusafisha mpaka chumba kinafanana na duka la samani, na hapo hakimhusu tena mtu yeyote.

Sasa zima taa zote. Balbu ya mwanga wa manjano huwa na takriban kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 hadi 3,000, ilhali mwanga wa mchana unaopita dirishani huwa karibu na 5,500 au zaidi, na kamera inaweza kusawazisha rangi ya mwanga mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukiichanganya, utapata shavu moja la rangi ya chungwa na jingine la buluu. Ikiwa taa ya mezani ni sehemu ya maisha ya chumba, iwashe hiyo peke yake na uiweke mbali na uso. Jua likiingia moja kwa moja, tundika kitambaa cheupe chepesi dirishani ili mwanga usambae.

Funga kamera kwenye stendi, kwa kimo cha kifua, yaani kati ya sentimita 120 na 140 hivi. Hakikisha haikuinama. Tazama kona za ukuta kwenye skrini: nikiielekeza lenzi juu kidogo, mistari ya wima inaanza kuegemeana, na chumba kinaonekana kama kinaanguka kwa nyuma. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga; aina ya full-frame) ninapendekeza lenzi ya milimita 35. Chumba kikiwa kidogo sana tumia ya 24, lakini usimweke mtu pembeni mwa fremu, kwa kuwa lenzi pana huvuta kichwa na mikono iliyo karibu na ukingo.

Chagua tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, la f/5.6 au f/8 ili vitu vya nyuma visomeke, na kasi ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya 1/125 ya sekunde. Stendi huizuia kamera kutikisika, haimzuii mtu kusogea, hivyo ni afadhali kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 800 au 1600 kuliko kupunguza kasi. Hifadhi faili ghafi (RAW), ambazo kamera haijazichakata.

Mwite sasa mwenye chumba, umkalishe ubavuni mwa dirisha, kisha mpe kazi badala ya pozi: achanganye rangi, akate kitambaa, akaze nyuzi za gitaa. Wala huna haja ya kumweka katikati. Mwaka 1946 mpigapicha Arnold Newman alimpiga picha mtunzi wa muziki Igor Stravinsky, na katika picha hiyo kifuniko cheusi cha piano kimetawala fremu, huku mtunzi mwenyewe akionekana kwenye kona ya chini kushoto tu. Newman alifikia mpangilio huo kwa kukata kingo za picha baada ya kuipiga, kwa hiyo nawe acha nafasi ya ziada pande zote.

Kabla ya kusogeza stendi, piga fremu ileile bila mtu, kwani itakusaidia kuziba dosari wakati wa kuhariri. Halafu mwoneshe picha kwenye skrini na umuulize kama kuna kitu asichotaka kionekane. Akikitaja, kiondoe papo hapo, mrudishe kwenye kazi yake, na upige upya.