Kupitisha Bomba la Bustani Chini ya Njia ya Gari Iliyokwisha Kujengwa

Ndugu mafundi wenzangu, nanyi wenye nyumba mliokuja kusikiliza, nawashukuru kwa kufika.

Nyumba nyingi ninazoitwa hapa Dar es Salaam zina tatizo hilohilo: tenki liko upande mmoja wa uwanja, bustani iko upande wa pili, na katikati imelala njia ya gari iliyojengwa kabla mwenye nyumba hajawaza kupanda hata mche mmoja. Njia ikiwa ya pevingi, kazi ni nyepesi, kwa kuwa vitofali hung'olewa na kurudishwa. Hapo nasisitiza jambo moja tu: udongo urudishwe kwa tabaka za sentimita 15, na kila tabaka lishindiliwe, kwani mtaro uliofukiwa kwa mkupuo mmoja hutitia masika ya kwanza.

Njia ya zege ndiyo iliyonileta hapa. Mafundi wengi huchukua bomba la chuma, hulifunga mpira wa maji upande mmoja, kisha hulisukuma chini ya zege huku maji yakichimba mbele. Katika mchanga wetu wa pwani bomba hupenya upesi mno, na upesi huo ndio hatari yenyewe, kwa sababu maji hayachimbi mbele tu bali hukwangua na pembeni, yakaacha pango chini ya zege. Nimeliona hilo katika nyumba moja ya Mbezi: mchanga uliotoka ulijaza toroli mbili, fundi akasifiwa kwa kumaliza mapema, na miezi michache baadaye boza la maji lilipoingia, zege likapasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Tundu la bomba la inchi mbili, lenye urefu wa mita 4, hutoa udongo usiojaza hata ndoo moja ya lita 20. Kwa hiyo, anayelazimika kutumia maji aupime mchanga unaotoka. Ndoo ya pili ikianza kujaa, afunge koki.

Mimi napendelea kugongomea bomba. Kwanza ulizeni waya wa umeme umepita wapi, na bomba la kwenda kwenye shimo la maji taka limepita wapi. Kisha chimbeni shimo kila upande wa njia. Shimo la kuanzia liwe refu kuliko bomba lenyewe, ili bomba lilale sawasawa na nyundo ipate nafasi ya kuzunguka. Bomba la chuma la inchi mbili lipite sentimita 45 au zaidi chini ya uso wa zege, likiongozwa na kamba iliyovutwa kati ya mashimo mawili na kukaguliwa kwa pimamaji. Mita ya kwanza msiiharakishe hata kidogo, kwani kosa la sentimita 2 hapo huwa sentimita 8 mkifika upande wa pili. Nyundo isipige chuma moja kwa moja. Wekeni kipande cha mbao ngumu, mdomo wa bomba usije ukapinda.

Bomba hilo msiliondoe. Litabaki kuwa ala, na ndani yake mtavuta bomba jeusi la plastiki la milimita 25, kipande kimoja kisicho na kiungo, ili siku likitoboka livutwe na kubadilishwa bila kugusa zege. Kabla ya kulivuta, pigeni tupa midomo ya chuma mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, kwa sababu ncha ndogo ya chuma hukata plastiki polepole, na uvujaji wa chini ya zege huchelewa kuonekana.

Fungulieni maji kwa nguvu ya pampu, muangalie viungo vya pande zote mbili kwa saa nzima mashimo yakiwa bado wazi. Halafu ndipo mfukie, na mwandike kwa rangi ukutani mahali bomba lilipopita na kina chake.