Bomba la Moshi wa Injini Kubwa za Meli: Kipenyo, Mpanuko na Mahali pa Kulishikiza

Mabibi na mabwana, kabla ya kuchora chochote tupige hesabu. Chukueni injini ya mipigo minne ya kilowati 4,000. Kwa makadirio, kila kilowati-saa hutoa kilo 7 za moshi, yaani karibu kilo 7.8 kwa sekunde. Kwenye nyuzijoto 350 za Selsiasi, hizo ni mita za ujazo kama 13.7 kila sekunde. Bomba la kipenyo cha milimita 700 litaupitisha moshi huo kwa kasi ya mita 36 hivi kwa sekunde, na hapo mko salama. Mkibanwa na nafasi mkaweka la 600, kasi inapanda hadi 48, na shinikizo linalopotea kwenye kila kona linakaribia maradufu.

Watengenezaji wengi huruhusu shinikizo la nyuma, yaani ukinzani ambao injini husukumana nao ikitoa moshi, la kilopaskali 3 hivi kwa njia nzima, sailensa (kipunguza kelele) na boila inayopashwa na moshi zikiwemo. Likizidi, turbochaja, ile mashine inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, inakosa pumzi, vali za moshi zinaungua na mafuta yanaliwa zaidi. Kona ziwe chache, zenye nusu kipenyo cha mzingo kisichopungua mara moja na nusu ya kipenyo cha bomba.

Sasa mpanuko, ambao ndio unaovunja kazi nyingi. Mita 12 za bomba la chuma cha kawaida, zikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 350, hurefuka milimita 48 hivi. Chuma hakibembelezwi: kikifungwa ncha zote mbili, kitapasua weldi au kuisukuma turbochaja. Kwa hiyo kiungo chenye mikunjo kiwekwe mara tu baada ya turbochaja, na juu yake egemeo moja lililokazwa kabisa. Uzito wa bomba ubebwe na egemeo hilo, kamwe usiiangukie turbochaja. Maegemeo mengine yateleze, na kati ya kila mawili yaliyokazwa pawe na kiungo kingine.

Kiungo hicho kifungwe kikiwa kimevutwa nusu ya mwendo wake, bila kupindwa, na mshale wake ufuate mkondo wa moshi. Vyuma vya kukishikilia wakati wa usafirishaji viondolewe kabla ya kuwasha, husahaulika mno.

SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, inataka nyuso zinazoweza kupita nyuzi 220 zifunikwe kihami joto, flanji (pete za kuungia mabomba) nazo zikiwemo. Wekeni bomba la kutolea maji sehemu ya chini kabisa, maana mvua huingia kupitia dohani. Na msiunganishe mabomba ya injini mbili: moshi wa inayofanya kazi utarudi kwenye iliyozimwa, upoe humo na kuacha asidi.